Tunguu Lililolala si Tunguu Lililokufa

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kupenda maua. Tangu zamani nyumba ya Kiswahili ilijulikana kwa shina lake la asumini uani, rihani kando ya jiko na, kwa aliyejaaliwa, mkilua mmoja wa kujivunia. Arusi bila ya vikuba ni arusi iliyopungua, na mgeni wa heshima hupokewa kwa harufu kabla ya kupokewa kwa chakula. Kwa hiyo si ajabu kuwaona leo ndugu zetu, waume kwa wake, wakitamani pia maua ya mbali, na hasa yale ya matunguu yatokayo Afrika Kusini: frizia, gladiola, klivia, nerini na mengineyo. Picha zake huvutia, na anayeyatamani hana lawama.

Linalotusikitisha ni jinsi mapenzi haya yanavyokwisha. Mtu hununua matunguu yake kwa bei ya kuumiza, akayafukia kwenye chungu, akayamwagilia maji asubuhi na jioni kama anavyoumwagilia mwasumini. Yakiota majani hufurahi. Majani yakigeuka manjano hufadhaika, akaongeza maji. Baada ya mwezi hufukua akakuta uozo mtupu, kisha husema, "Mimi sina mkono wa kupanda." Sisi twasema kuwa mkono hauna kosa. Kosa ni kumchukua mgeni na kumlaza bila kumuuliza kwao watu hulala saa ngapi.

TUNGUU NI NINI?

Lugha yetu yenyewe imekwisha kutupa somo la kwanza. Kitunguu tukipikacho kila siku ni tunguu dogo, na jina lake latuonyesha jamaa zake ni kina nani. Kata kitunguu katikati utaona tabaka juu ya tabaka, zote zimejaa maji na chakula. Hizo ni majani yaliyonona, na katikati yake mna kichipukizi kidogo kinachongoja. Tunguu basi ni ghala. Mmea huweka akiba yake chini ya ardhi wakati wa neema, majani yakafa, nao ukalala hadi shida ipite.

Wataalamu hutofautisha. Tunguu la nerini ni tunguu kamili lenye tabaka. La gladiola na la frizia ni shina lililovimba, gumu ndani kama jimbi. Klivia haina tunguu la kweli. Ina mizizi minene iliyosongamana. Kwa mpandaji wa nyumbani, kanuni kuu ni moja kwa yote yenye kulala: mmea wa akiba haufi kwa kiu upesi, bali hufa kwa maji yaliyokuja wakati usiotakiwa.

RASI NA DURBAN SI PAMOJA

Wengi husema "maua ya Afrika Kusini" kana kwamba nchi ile yote ina hali moja ya hewa. Sivyo. Upande wa kusini-magharibi, kwenye Rasi ya Tumaini Jema na Cape Town, mvua hunyesha wakati wa baridi, baina ya Mei na Agosti, na kiangazi chao cha Desemba na Januari ni kikavu kabisa. Eneo lile lenye ukubwa wa kiasi cha kilomita mraba 90,000 lina aina zipatazo 9,000 za mimea, na zaidi ya nusu ya hizo hazioti penginepo duniani. Miongoni mwake mna aina zaidi ya elfu moja za mimea ya matunguu. Mji mdogo wa Nieuwoudtville, kaskazini mwa Cape Town, hujisifu kuwa makao makuu ya matunguu ya dunia, na mwezi wa Agosti na Septemba wageni huenda huko kwa ajili ya kuangalia maua tu.

Upande wa mashariki, kuanzia Rasi ya Mashariki hadi Durban na KwaZulu-Natal, mambo hugeuka. Huko mvua huja wakati wa joto, na pwani yao huoshwa na maji ya uvuguvugu ya Bahari Hindi, bahari hii hii yetu. Cape Town hupigwa na mkondo wa maji baridi wa Atlantiki.

Sasa tulinganishe na kwetu. Mtu wa Mombasa au Lamu akisikia kwamba maua ya Rasi humea kuanzia Mei hadi Agosti, atasema, "Basi huo ndio wakati wa kusi! Mvua ya masika imenyesha, jua limepoa, yatastawi." Hesabu hiyo ni nzuri, lakini ni nusu ya hesabu. Mvua imekutana na mvua, ila baridi haikukutana na baridi. Cape Town mwezi wa Julai, usiku, joto hushuka hadi digrii 7 au 8 za Selsiasi. Mombasa mwezi huo huo usiku kwa kawaida haushuki sana chini ya digrii 20. Frizia huhitaji ubaridi wa kiasi cha digrii 12 hadi 15 ili ifanye ua. Ndiyo maana aghalabu frizia ya pwani hutoa majani mazuri kama majani ya mpunga, kisha ikakaa hivyo hivyo mpaka ikafa, ua halikuonekana.

Mwenye jamaa Wundanyi au kwingineko katika milima ya Taita anaweza kumpelekea matunguu yake ya frizia, wakagawana maua. Mwenye kukaa Mji wa Kale na asiye na mlima, naona heri apeleke macho yake Durban, aiache Rasi.

YAPI YA KUCHAGUA?

Kutoka upande huo wa mashariki kuna ua linaloitwa na wataalamu Haemanthus albiflos. Majani yake ni mapana na manene, hayanyauki mwaka mzima, na ua lake ni jeupe, limesimama kama brashi ya kunyolea ndevu. Lapenda kivuli, lapenda kubanwa katika chungu, na husamehe msahaulifu. Kuna pia Crinum moorei, yungiyungi refu la kivulini lenye maua ya waridi iliyopauka, naye ni mwenyeji wa misitu iliyo karibu na pwani. Klivia yenye maua ya rangi ya chungwa yatoka misitu hiyo hiyo. Kwenye joto letu huishi vizuri kivulini lakini huwa bahili wa maua, kwa kuwa hutaka majuma kadhaa ya ubaridi na ukavu kabla ya kuchanua. Iwekeni mahali penye upepo wa kusi, msiipe maji mengi Juni na Julai, na mjaribu.

Gladiola yafaa tuitaje peke yake. Zile kubwa ziuzwazo madukani zimechanganywa damu kwa miaka mingi huko Ulaya, na mmoja wa wazazi wake wakubwa ni Gladiolus dalenii, ambaye makao yake ni kuanzia Afrika Kusini, akapita Afrika Mashariki, akavuka hadi Bara Arabu. Tunapoinunua gladiola kwa pakiti kutoka Uholanzi, twamnunua mjukuu wa jirani yetu. Hii hustahimili joto kuliko frizia. Pandeni mwanzoni mwa mvua, mahali penye jua, ndani ya udongo kiasi cha sentimita 10, na muiegemeze kwa kijiti maana upepo wa kusi hauna huruma.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa harufu, wako watakaouliza, "Je, yananukia?" Mengi hayanukii, uzuri wake ni wa macho tu. Lakini frizia hunukia sana. Na huko Rasi kuna gladiola moja, Gladiolus liliaceus, ambayo mchana huwa na rangi ya kahawia au wekundu hafifu na haina harufu ya kutajika. Jua likichwa hugeuka rangi, ikaingia zambarau, na hapo ndipo hutoa manukato ya kuwaita nondo wa usiku. Watu waliozoea asumini inayofumbua jioni hawatashangaa, watamtambua ndugu.

JINSI YA KUPANDA

Chungu kiwe cha udongo na kiwe na tundu chini. Chungu cha plastiki hufaa pia, ila hushika maji zaidi. Wekeni vigae au kokoto juu ya tundu, kisha mchanganye udongo wa shamba na mchanga wa mtoni kwa vipimo sawa. Msichukue mchanga wa ufuoni, una chumvi. Samadi mbichi ni adui wa tunguu kwani huliozesha. Mboji iliyokwisha kuoza, kidogo tu, pamoja na majivu ya kuni ya kunyunyiza, yatosha.

Tunguu kamili kama la nerini au yungiyungi lipandwe shingo yake ikiwa nje ya udongo. Lile gumu la frizia lifukiwe kiasi cha sentimita 5. Mwagilieni mara moja vizuri, kisha ngojeni. Tunguu halina mizizi siku ya kwanza, na maji mengi hayana wa kuyanywa. Majani yakitoka ongezeni maji, na msiyanyime jua.

Ua likiisha, kazi ndiyo kwanza yaanza. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Hulikata ua na majani kwa pamoja ili chungu kionekane nadhifu. Kumbe majani hayo ndiyo yanayojaza ghala la mwakani! Kateni kikonyo cha ua, majani yaacheni. Yakianza kuwa manjano yenyewe, punguzeni maji. Yakikauka, acheni kabisa. Wekeni chungu mahali pakavu penye hewa, na msilifukue tunguu kila juma kulitazama kama mtu aliyezika hazina. Limelala. Halina haja nanyi hadi msimu wake urudi.

Mengine hata hutoa ua kabla ya jani. Amarilisi ya kweli ya Rasi husinzia kiangazi kizima, kisha siku moja huchomoa kikonyo kitupu kutoka ardhi kavu na kuchanua, majani yakafuata baadaye. Mengine hungoja moto. Cyrtanthus ventricosus, ua jekundu la milima ya Rasi, hukaa chini miaka na miaka, na majuma machache baada ya moto kupita juu yake huchanua katikati ya majivu. Kinachoyaamsha ni moshi. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Afrika Kusini, J. H. de Lange na C. Boucher, walionyesha kwamba moshi wa mimea iliyoungua huamsha mbegu za mimea ya huko. Sisi wenye kufukiza udi na ubani tulijua zamani kwamba moshi una ujumbe. Hatukujua tu kwamba hata mbegu ina pua!

TAHADHARI KWA WENYE WATOTO

Hapa twaomba tusikilizwe bila mzaha. Matunguu ya jamii ya amarilisi, nerini, klivia, Haemanthus na mayungiyungi yana sumu. Mlaji hutapika, huumwa na tumbo na huharisha, na akila mengi huweza kufikia hatari kubwa. Wasani wa kusini mwa Afrika walitumia utomvu wa tunguu moja la jamii hiyo, Boophone disticha, kupaka mishale yao.

Na matunguu haya yafanana mno na vitunguu vya kupikia. Kwa hivyo yasiwekwe jikoni, wala kwenye kikapu cha viungo, wala kwenye friji karibu na mboga. Yaandikwe jina, yafungwe kwenye karatasi, yawekwe juu pasipofikiwa na mtoto. Mwenye mbuzi uani naye aangalie. Akitokea mtu amekula, apelekwe hospitali haraka pamoja na kipande cha tunguu lenyewe ili daktari ajue alichokula.

MAJINA YALIYOPOTEA NJIA

Historia ya maua haya ina funzo jingine. Waholanzi walitia nanga Rasi mwaka 1652 kuweka kituo cha merikebu zao, na tangu hapo matunguu yalizidi kusafiri kwenda Ulaya. Yalifika, yakasifiwa, lakini kwao yalikosahauliwa. Nerini nyekundu iliota katika kisiwa cha Guernsey, ikaitwa yungiyungi la Guernsey, na wenye elimu wakasema asili yake ni Japani. Hadi miaka ya 1770 ndipo Francis Masson, mkusanya mimea wa bustani ya Kew, alipoikuta imejiotea juu ya Mlima wa Meza, Cape Town. Jina lake la kitaalamu mpaka leo ni sarniensis, yaani la Guernsey. Lile ua jeupe lenye umbo la faneli linalopendwa kwenye arusi na mazishi ya Ulaya huitwa aethiopica, na halitoki Ethiopia. Latoka Afrika Kusini. Ua kubwa jekundu liuzwalo kwenye maboksi kwa jina la amarilisi kwa hakika ni la Amerika ya Kusini. Wataalamu walibishana miaka mingi, hadi mkutano wao wa mwaka 1987 ulipothibitisha kuwa jina la Amaryllis ni haki ya ua la Rasi. Wauzaji, lakini, waliendelea na mazoea yao.

Basi mnunuzi asitazame picha peke yake. Aulize jina kamili, na aulize limetoka wapi. Swali hilo la pili lina uzito zaidi, maana siku hizi mapenzi ya maua yamezaa wizi. Mwaka 2001 iligunduliwa huko Oorlogskloof, karibu na Nieuwoudtville, klivia ambayo hakuna aliyeitazamia: iliota katika nchi kavu, mbali sana na misitu ya mashariki wanakokaa klivia wenzake. John Rourke aliipa jina mwaka 2002, Clivia mirabilis, yaani ya ajabu. Ajabu hiyo ndiyo iliyoiponza. Katika miaka ya karibuni wezi wameing'oa kwa wingi na kuiuza kwa watu wa ng'ambo wanaotaka kuwa na kitu ambacho jirani hana. Ua lililokaa salama katika bonde lake karne kwa karne limetiwa hatarini na watu wasemao wanalipenda.

Twasema wazi: tunguu lililong'olewa porini ni mali ya wizi, hata likiuzwa dukani kwa risiti. Nunueni lililooteshwa kitaluni. Na msilifiche ndani ya sanduku la safari. Sheria ya Kenya yataka kibali cha KEPHIS kabla ya kuingiza mmea, pamoja na cheti cha afya kutoka nchi utokako. Wako wanaoona huo ni usumbufu wa serikali. Wamkumbuke mkulima wa muhogo na mnazi, ambaye mdudu mmoja au kuvu moja lililopanda merikebu laweza kummalizia shamba.

NA YETU JE?

Tunapoyatamani ya Afrika Kusini, tumeyatazama yaliyo miguuni petu? Lipo ua la Scadoxus multiflorus, ambalo mvua za kwanza za masika zikigusa ardhi huchomoza kikonyo kimoja na kuchanua mpira mwekundu wa vijiua vingi, kana kwamba ni fataki ya Idi iliyosimama hewani. Ua hili ni la Afrika: laota Kenya, laota Afrika Kusini, laota hata Yemeni na Saudia. Ni jamaa wa karibu wa Haemanthus ambaye watu humlipia ghali. Lipo na yungiyungi la Crinum kirkii, la Kenya na Tanzania, lililopewa jina la John Kirk aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja karne ya kumi na tisa. Yote mawili hayataki kubembelezwa kwa baridi. Mvua yetu ndiyo saa yao, na kiangazi chetu ndicho usingizi wao.

Lakini waulizeni vijana wetu jina la mpira ule mwekundu. Wengi watanyamaza, au watasema "ua la porini". Kirk alipita njia tu, na jina lake limebaki juu ya ua letu. Sisi tuliokaa hapa miaka na miaka twaliita la porini. Wazee wa Pate, Siyu, Lamu na Mombasa, na ndugu zetu Wamijikenda wanaoijua misitu ya kaya, wana majina na matumizi ya mimea hii vifuani mwao. Kila mzee azikwaye huondoka na kamusi. Mwalimu wa shule aliye na daftari na wanafunzi kumi angeweza kuokoa mengi kwa likizo moja.

Hatusemi watu wakayang'oe misituni. Hilo lingekuwa kuuiga wizi tulioulaani sasa hivi. Scadoxus hutoa vijitunda vyekundu baada ya ua. Chukueni vichache, ondoeni nyama yake, pandeni mbegu ingali mbichi, na mngoje. Itachukua miaka kadhaa kabla ya ua la kwanza. Mtasema ni mingi. Mnazi nao huchukua miaka, na hakuna aliyekataa kuupanda kwa sababu hiyo.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Bustani ya matunguu yataka mtu anayeweza kukaa miezi mitano na chungu kitupu penye baraza, wageni wakamcheka, naye asikimwage. Rai yetu kwa wasomaji ni kwamba mwaka huu kila nyumba ianze na tunguu moja tu la ugenini, lijulikanalo jina na asili, na kando yake mbegu moja ya hapa hapa pwani. Masika ijayo tupelekeeni habari za yaliyochanua, na majina mliyoyapata kwa wazee.